Moshi wa Bi Mkubwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bi Mkubwa amefeli! Nimerudi nyumbani na uchungu kuliko siku yalipotoka matokeo yangu mwenyewe ya shule.

Nieleze vizuri. Bi Mkubwa ni gari letu. Jeupe, refu, la zamani, lenye viti vya rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Baba alilinunua kabla sijazaliwa na analiheshimu kama mtu mzima wa ukoo. Hamkimbizi. Hampigishi honi, anasema ni kumtukanisha mzee kwa kinywa chake mwenyewe. Kila baada ya safari humpumzisha: boneti juu, kitambaa cha maji baridi kwenye injini, na mtu wa kumpepea. Mtu huyo ni mimi.

Leo tulimpeleka kituo cha ukaguzi kupimwa moshi. Baba alitaka tufike mapema mno ili Bi Mkubwa apumzike kwanza, asipimwe akihema. Basi tukakaa chini ya kivuli cha ukuta, nikapepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu zamu yetu ikafika.

Mkaguzi ni mwanamke mrefu mwenye glavu za buluu na maneno machache. Nilimpenda papo hapo. Hakuongea na mtu. Alichomeka fimbo ya chuma kwenye bomba la moshi, akaiacha mashine iongee kwa niaba yake. Kazi ya namna hiyo! Nilianza kujiona mimi mwenyewe nimevaa glavu zile, nimesimama kwenye ukungu mwepesi, magari yote ya dunia yakinipitia taratibu mbele yangu, wala hakuna anayeniuliza kitu.

Mashine ikalia. Kaboni monoksaidi imezidi. Hewa chafu nyingine nazo zimezidi. Ikatoka karatasi yenye maandishi mekundu. Baba aliikunja polepole akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Njiani akasema tumepewa mpaka Jumatano ya wiki ijayo. Tukishindwa, Bi Mkubwa haruhusiwi tena barabarani, na yeye hawezi kumfungia mzee bandani kama mfungwa. Atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilitaka kusema, Baba, usimwite. Maneno yalifika kwenye meno, yakageuza.

Nyumbani tulimkuta Shangazi ndani ya banda la gari na utepe wa kupimia nguo. Ni dada yake Baba, anasuka watu sebuleni kwetu, na analitaka banda liwe saluni. Injini haijazimwa akatuonyesha kioo kitakapokaa, na sinki. Akanigeukia, "Au unasemaje, Kimya?" Ndivyo anavyoniita. Sikusema kitu. Akamwambia Baba, umeona kaka, hata yeye ameafiki.

Hawajui jambo moja. Ndani ya Bi Mkubwa ndipo mahali pekee ninapoongea. Nikifunga vioo sauti yangu inatoka, nene na nzuri, kama ya mtangazaji wa redio. Jioni hii nilikaa kiti cha nyuma. Vumbi la kioo lilikuwa limegeuka dhahabu kwa jua. Nikamwambia Bi Mkubwa kwa sauti: sitakuacha. Nikakubali mwenyewe kwamba ilisikika vizuri sana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa!

Kitabu changu cha kemia kinasema makaa hunyonya hewa chafu. Sasa kwa nini tuhangaike na injini? Moshi utoke vyovyote utakavyo, mradi upite kwenye makaa. Nilisaga mkaa, nikaujaza kwenye soksi ya Baba, nikaifunga kwa uzi, nikaisukumiza ndani ya ekzosi kwa mpini wa ufagio. Ilikaa vizuri. Nilijipongeza (kwenye kiti cha nyuma, vioo vikiwa vimefungwa).

Baba alikuwa kazini. Kuendesha sijui, lakini kuzungusha ufunguo najua. Bi Mkubwa alikohoa. Akanyamaza. Akawa kama anafikiri. Halafu, paa!

Soksi ilipita juu ya ua kama ndege mweusi. Nakiri ilikuwa na uzuri wake. Iliruka polepole, ikamwaga unga mweusi hewani, na kwa muda mfupi nikasahau kabisa kwamba mbele yake kulikuwa na kamba ya nguo.

Gauni la kazi la Mama. Jeupe. Mama ni muuguzi.

Kuhusu mambo ya gari Mama ana msimamo mmoja tangu zamani: "Mimi simo." Leo alisimama mbele ya kamba, akasema, "Mimi simo. Lakini gauni langu limo."

Shangazi alicheka mpaka mteja wake akatoka nje na nywele nusu kichwa kuja kuuliza kulikoni. Akaambiwa, huyu ndiye msomi wetu. Nimelifua gauni mpaka vidole vimekunjamana. Sasa lina rangi ya wingu la asubuhi, kabla mvua haijaamua. Mimi naona limependeza. Sikumwambia Mama.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku njema! Siku ya kukumbukwa!

Baba alichukua ruhusa kazini tukampeleka Bi Mkubwa gereji. Fundi anaitwa Bado. Gari langu tayari? Bado. Umekula? Bado. Umeoa? Bado. Lakini kuongea hachelewi. Kabla hata hajafungua boneti alishatamka kwamba injini imekufa, na aliyeiua ni fundi mwingine. Baada ya kufungua akasema kumbe haijafa, ni plagi tu. Akabadilisha plagi. Akatoa chujio la hewa akalikung'uta, vumbi likatoka la kutosha kupanda mchicha.

Kisha akamtuma Baba amzungushe Bi Mkubwa mpaka juu ya mlima wa hospitali na kurudi, aone kama anavuta vizuri. Baba akaendesha kwa heshima zote, lakini mlima ni mlima. Tulirudi injini ikiunguruma na joto limetanda mpaka miguuni kwangu. Baba akaomba mgonjwa apumzishwe kwanza, apepewe. Bado akasema, "Mzee wangu, hapa si wodini. Ingiza, ingiza!" Nyuma yetu kulikuwa na lori limeziba geti. Tukaingizwa hivyohivyo, mbiombio, bila hata kitambaa cha maji.

Bado ana kimashine chake cha kupimia moshi. Akachomeka. Akatazama. Akaniita nami nitazame. Namba zote chini ya kiwango! Zote! Moshi safi kama pumzi ya mtoto!

Baba na Bado walikumbatiana. Baba alitoka na grisi shavuni na hakuifuta njia nzima, ili Shangazi aione. Shangazi aliiona. Akasema grisi siyo cheti.

Jioni nimekaa na Bi Mkubwa. Plagi mpya zinampa harufu kidogo ya dukani, kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Nimemsimulia safari tutakazokwenda Baba akishanifundisha kuendesha. Barabara ndefu, miti pembeni, dirisha wazi, mimi naongea na upepo unayabeba maneno kabla mtu hajayasikia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tumefeli tena. Vibaya kuliko mwanzo.

Sielewi. Tulifanya kila kitu kwa uangalifu. Tulifika kituoni wakati mlinzi bado anafungua kufuli. Baba alimweka Bi Mkubwa kivulini, boneti juu, kitambaa cha maji, na mimi boksi langu. Nilimpepea kwa mapenzi. Magari yalikuja yakapita, Baba akawa anawapisha wenye haraka, tafadhali tangulia, sisi mzee wetu anapumzika. Kufikia zamu yetu ungeweza kulaza shavu juu ya injini ile ukasinzia. Nilijaribu. Ilikuwa tulivu kama mtungi.

Mkaguzi mwenye glavu akachomeka fimbo. Mashine ikalia kabla hajamaliza kuchomeka. Akaigusa boneti, akasema, "Gari hili ni la baridi sana."

Baba akainamisha kichwa. "Ahsante, dada. Tumejitahidi tangu alfajiri."

Mkaguzi akafungua mdomo aendelee, lakini nyuma yetu watu walikuwa wanapiga kelele, na Baba alikuwa bado anashukuru. Akanitazama mimi. Nikatazama chini. Naamini wasiopenda kuongea tunatambuana. Macho yake yalikuwa yamejaa jambo. Labda huruma. Labda ameona kipaji.

Mchana alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Sijui nani alimwita, ila Shangazi alikuwa ameshamwekea kiti. Alimzunguka Bi Mkubwa, akampiga teke kwenye tairi, akasema mlango huu una chuma kizuri. Mlango! Ule ninaouegemea nikiota! Akaahidi kurudi Jumatano jioni na lori. Baba akasema sawa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, kama imetoka chumba cha pili.

Nilikuwepo. Ningeweza kusema hapana. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mvua siku nzima. Nimekaa ndani ya Bi Mkubwa toka asubuhi. Matone yanateremka kwenye kioo, mawili yanakutana, yanakuwa moja nene, yanakimbia pamoja. Banda, ua, kamba ya nguo, vyote vimelainika, kama vimechorwa na mtu aliyechoka.

Nawaza. Gari ni lilelile, na moshi ni uleule. Kwa Bado ulikuwa safi, kituoni mchafu. Bado alikuja jana akaapa mashine ya kituo ni mbovu. Baba akasema serikali haiwezi kuwa na mashine mbovu. Wakanuniana mpaka Mama akatoka na gauni lake la wingu akawaambia yeye hayumo, ila wanamzibia njia.

Basi kuna kitu mashine ile inapima ambacho si moshi. Ni nini? Lazima nikachunguze.

Nilisinzia nikaota niko ndani ya bomba la moshi, refu, lenye mwanga wa buluu mwishoni. Nilikuwa natembea kuelekea nje lakini naona haya kutoka. Nimeamka. Sijui maana yake. Nimeiandika isije ikapotea.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimegundua! Mungu wangu, nimegundua!

Nilikwenda kituoni peke yangu nikaketi kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya barabara, nimejifunika mtandio. Nilitazama tu. Nani anafaulu, nani anafeli.

Wanaofaulu: Dereva wa teksi, kiwiko nje, honi juu kwa juu, aliyechomoka barabarani akaingia moja kwa moja kama anafukuzwa. Mama mmoja aliyechelewa kazini, akimfokea mlinzi kupitia dirisha na injini ikinguruma. Kigari cha mboga kilichokatiza foleni bila haya, watu wakatukana, dereva naye akawatukana, akapimwa, akafaulu, akaondoka akipiga mluzi.

Wanaofeli: Mzee mpole mwenye gari lililong'arishwa, aliyefika wa kwanza akazima injini akasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Kijana mmoja aliyempisha kila mtu. Na jirani yetu wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ana kigari cha kijani na hakuniona. Alikaa kivulini nusu ya asubuhi akisubiri aitwe kwa jina.

Na sisi!

Ni wazi kabisa. Mashine inapima aibu. Gari linamhisi mwenyewe. Mwenye gari akiwa na aibu, moshi nao unaona aibu. Hautoki wote. Unabaki bombani, unajikunja, unanenepa, na fimbo ikiingia inaukuta umejazana pale kama wageni mlangoni. Lakini moshi wa mtu jasiri unatoka wote kifua mbele, unapaa, unakwisha.

Maskini moshi wetu! Miaka yote hii! Naujua vizuri ulivyokuwa unajisikia.

Kwa hiyo dawa si plagi. Dawa ni mtu mmoja wa familia hii awe jasiri Jumatano, mbele ya geti. Mama hayumo. Baba hata kuku humpisha njia. Nimehesabu watu waliobaki mara mbili, na mara zote nimebaki mimi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mazoezi ya ujasiri.

Ndani ya Bi Mkubwa: safi sana. Nimesema "Fungua geti!" kwa namna kumi tofauti. Kwa hasira. Kwa dharau. Kwa kicheko cha mtu mwenye mambo mengi. Kioo cha mbele kimepata ukungu wa pumzi yangu.

Dukani: nilipanga kuingia na kusema kwa sauti kubwa nataka sabuni. Mwenye duka akasema, "Eeh, bibie?" Nimerudi na kiberiti.

Kwa Shangazi: nilimfuata sebuleni, nikasimama mbele ya wateja wake wote, nikaita, "Shangazi!" Akaacha kusuka. Akasema, "Naam?" Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu banda. Nikasema, "Shikamoo." Akasema marahaba, ila umeshaniamkia asubuhi na mchana, una homa? Wateja wakanitazama kwa huruma. Mmoja akashauri nipewe maji ya chumvi.

Baba ametumia jioni nzima kumwosha Bi Mkubwa. Alikuwa anampitishia kitambaa polepole kwenye taa za mbele, kama anamfuta mtu machozi. Hakuniona. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Kesho jioni lori linakuja.

Sijala. Nimejilaza, najaribu kuota nikiwa jasiri. Naota nimekuwa honi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekaa chini kuandika. Nianze mwanzo.

Tulichelewa kuondoka. Baba alikuwa ameketi kwenye usukani asubuhi yote, akimkumbusha Bi Mkubwa safari za zamani, na Mama ndiye aliyetoka akamwambia kama mnakwenda nendeni. Barabara ya chini ilikuwa imefungwa, wanachimba. Ikabidi tupite mlima wa hospitali. Bi Mkubwa akapanda akilia, nyuma ya lori la mchanga, mshale wa joto unapanda, sakafu inanichoma viatu. Baba jasho linamtiririka. Anasema pole mama, pole, tukifika utapumzika. Leo nitakupumzisha hata saa mbili.

Tukatokea kituoni. Kulia, kivuli cha ukuta. Mbele, geti. Baba akaanza kukata kulia, taratibu, kwa adabu, akitafuta mahali pa kumlaza.

Nikajua ni sasa. Moshi wetu umejificha bombani unatetemeka. Lori linakuja jioni. Hakuna mtu mwingine.

Nikanyoosha mkono, nikaibonyeza honi.

Sikuwahi kuisikia sauti ya Bi Mkubwa. Kumbe ni nene! Kumbe ni ya mtangazaji! Sikuiachia. Baba alishtuka akaurudisha usukani. Watu wote waligeuka. Mlinzi akaruka kutoka kwenye kiti chake. Nikatoa kichwa dirishani na nikasikia mtu anapiga kelele, "Fungua geti! Sisi tuna haraka! Fungua!" na mtu huyo alikuwa mimi. Mwanamume mmoja kwenye foleni akasema huyu mtoto hana adabu. Hana adabu! Hakuna aliyewahi kuniambia neno tamu kama hilo.

Geti likafunguka. Baba hakuwa na la kufanya ila kuingia. Alikuwa ameinama karibu apotee chini ya usukani, anawaomba radhi watu kupitia kioo. Tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa kupimia, injini inachemka, boneti inatoa joto kama tanuri. Baba akamsihi mkaguzi kwa sauti ya kilio kwamba mzee bado anahema, asimpime hivi, ni kumdhalilisha. Mkaguzi akasema, "Usizime." Akachomeka fimbo.

Nilifumba macho. Nikauona moshi wetu kwa ndani. Ulikuwa unasimama. Unajifuta vumbi. Unatoka.

Mashine haikulia.

Karatasi ya kijani! Cheti! Baba aliisoma, akaigeuza, akasoma na upande usio na kitu. Kisha akakaa chini sakafuni kwenye mafuta, na suruali yake ya kazini.

Mkaguzi akavua glavu moja na kuongea kuliko siku zote. Alieleza kwamba ndani ya bomba kuna kichujio chenye matundu kama sega la nyuki. Mafundi wanakiita masega. Kazi yake ni kuusafisha moshi, lakini hakifanyi kazi mpaka kipate moto. Sisi kila mara tunalipoza gari mpaka masega yanalala, ndipo tunaleta kupima. Leo tumelileta la moto, ndiyo maana limefaulu. Alijaribu kutuambia Ijumaa.

Nilimsikiliza kwa makini nikaitikia kila sentensi. Waungwana wa kazi za kitaalamu ndivyo walivyo. Hawezi kusema mbele za watu kwamba honi yangu imemtikisa. Lazima azunguke kwa mambo ya masega. Nilimwelewa kabisa.

Nyumbani Baba alikibandika cheti kwenye mlango wa banda. Mnunuzi alipokuja na lori lake akasoma, akauliza, basi hamna hata friji mbovu? Shangazi akaukunja utepe wake akasema saluni za siku hizi ni za sebuleni, zina joto la kifamilia. Halafu akaniuliza ni kweli nilipiga kelele hadharani? Nikasema, "Ndiyo." Kwa sauti! Nje ya gari! Akaniangalia kama kitambaa kilichogeuka rangi.

Baba ameniambia masomo ya kuendesha yanaanza Jumapili. Nimempepea Bi Mkubwa mpaka akapoa kabisa. Amestahili.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimekuwa mtaalamu. Jana yule mwalimu mstaafu alikuja kumuuliza Baba siri yetu, Baba akaninyooshea kidole. Mwalimu wa hesabu, ananiuliza mimi!

Nilimpa maelekezo kamili. Kwanza heshima: gari lipumzike usiku kucha na asubuhi nzima, vitambaa vya maji, feni kama ipo. Pili ujasiri: getini honi isiachiwe. Akauliza kama kupumzisha ni lazima, maana amesikia mtu akitaja masega. Nikamjibu kwa upole kwamba masega ni lugha ya kiofisi.

Leo nilimsindikiza. Tulikisukuma kigari kwa mikono toka kwake mpaka kituoni ili kisichoke. Alipiga honi. Nilipiga kelele. Tukaingia kwa kishindo.

Kikafeli.

Honi ya kigari kile ni nyembamba mno. Piii, kama panya kakanyagwa. Moshi gani utapata moyo kwa sauti hiyo? Nimemwambia mwalimu atafute honi ya lori. Yeye alikuwa anatazama barabara tuliyokisukumia kigari.

Lakini sikiliza! Mkaguzi aliigusa boneti ya kijani, akafumba macho kidogo. Kisha akaniita pembeni. Akaniuliza nafanya nini tangu nimalize shule. Nikasema sifanyi kitu, naota. Akasema kituo kinahitaji mtu mwenye sauti, asimame getini kila siku aongee na wenye magari wanaosubiri, maana yeye amechoka kurudia maneno yaleyale. Awaambie wasizime injini. Awaambie gari lipimwe likiwa na moto. Basi. Akaniuliza kama nimeelewa safari hii. Nikasema nimeelewa. Akaniuliza tena. Nikasema nimeelewa sana.

Kazi! Mimi! Na glavu nitapewa!

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naanza keshokutwa. Nimekaa ndani ya Bi Mkubwa, mlango wazi, na sijali nani ananisikia. Jua limelala kwenye usukani. Najiona pale getini, magari yote ya mji yamejipanga mbele yangu, na mimi naongea, naongea, na kila mtu anapunguza redio anisikilize.

Nimefikiria sana maagizo ya mkaguzi. Ni mtu mzuri ila ana kazi nyingi, hana nafasi ya kuona mbali. Watu wamekaa juani, injini zinanguruma, magari yanateseka. Aibu kwa ofisi ya serikali. Nataka nimshtukize.

Nimemwomba Baba turubai kubwa, la kufunika foleni nzima. Amefurahi mpaka machozi yamemlenga, anasema kesho atanisaidia kulifunga. Nimeagiza pia vipande vya barafu kutoka kwa mwenye duka. Niliingia nikasema nataka barafu, akanipa barafu! Nitaviweka kwenye boneti ya kila gari, moja baada ya jingine, mpaka foleni yote ipoe vizuri kabla ya kupimwa.

Halafu wote kwa pamoja, nikiinua glavu yangu ya buluu, watapiga honi.